Kutoka maji ya Kinjekitile hadi roho ndani ya kompyuta: Pwani ya Lindi na ndoto ya kutokufa

Na Mwandishi Wetu

NDOTO ya kutokufa ni kongwe kama mwanadamu mwenyewe. Wakati wataalamu wa Marekani na Ulaya wakijadili namna ya kuihamishia akili ya mtu ndani ya kompyuta ili aendelee kuishi baada ya mwili wake kuoza, wakazi wa pwani ya Kilwa na Lindi wanayo kumbukumbu ya ahadi inayofanana na hiyo, iliyotolewa kando ya mto zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Ahadi hiyo ilikuwa ya maji. Aliyeyanywa au kunyunyiziwa aliambiwa kwamba risasi ya Mjerumani haitamdhuru. Maelfu waliamini, wakaenda vitani, na wengi wao hawakurudi.

Swali lililoachwa na maji yale halijazeeka. Je, roho ni nini, na mtu anayetamani kuishi milele anatamani kitu gani hasa? Waandishi wa riwaya za kisayansi wanalijibu kwa namna yao. Dini na mila za pwani ya kusini nazo zimekuwa zikilijibu kwa karne nyingi. Ukiyaweka majibu hayo pamoja, inajitokeza tofauti moja kubwa: zipo ahadi zinazokikana kifo, na yapo mapokeo yanayokikubali kifo lakini yanakataa kumsahau aliyekufa.

Ahadi ya Ngarambe

Mwaka 1904, Kinjekitile Ngwale, mganga aliyeishi Ngarambe, karibu na bonde la mto Rufiji, alitangaza kwamba amepandwa na pepo aitwaye Hongo. Wazee waliohojiwa na watafiti wa historia mwishoni mwa miaka ya 1960 walisimulia kuwa pepo huyo alimvuta hadi mtoni, akazama mbele ya jamaa zake. Walimlilia wakidhani amekufa. Kesho yake alitoka majini akiwa mzima, na nguo zake zikiwa kavu.

Watu wakaanza kumiminika Ngarambe kutoka milima ya Matumbi, Ungindo na kwingineko kufuata dawa. Mganga yule aliahidi mambo mawili, na inafaa yatenganishwe. La kwanza lilihusu mwili, kwamba risasi zitageuka maji. La pili lilihusu wafu, kwamba wazee waliotangulia hawakupotea, wamehifadhiwa na miungu ya Rufiji, na walio hai wanaweza kuungana nao tena.

Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Kilwa, waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Hiyo ilikuwa ishara ya vita. Agosti 4 mwaka huo Wajerumani walimnyonga Kinjekitile huko Mohoro, lakini habari ya maji ilikuwa imekwisha kumtangulia. Vita vilienea hadi Liwale, Lindi, Masasi, Mahenge na Songea.

Agosti 30, 1905, maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Bunduki za rashasha ziliwaua mamia. Wale waliogawa dawa hawakukosa maelezo: waliokufa, walisema, walivunja miiko. Vita vilipokwisha mwaka 1907, serikali ya Wajerumani ilikadiria vifo 75,000, lakini wanahistoria wa baadaye walitaja idadi ya kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, baada ya askari wa mkoloni kuteketeza mashamba na maghala ya chakula.

Hivyo ahadi ya kwanza ilivunjika mbele ya macho ya watu. Ya pili haikuwa na kitu cha kuivunja, kwa sababu haikuwa ahadi ya kuushinda mauti. Ilikuwa ahadi ya undugu kati ya walio hai na waliokufa.

Roho, nafsi na mzimu

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaonyesha jinsi pwani hii ilivyochanganya fikra za asili tofauti. Maneno "roho" na "nafsi" yametoka katika Kiarabu, wakati "mzimu" na "kuzimu" ni ya Kibantu. Anayekufa "anakata roho". Mwenye choyo "ana roho mbaya". Anayejizungumzia husema "mimi nafsi yangu". Kwa hiyo roho ni uhai, ni tabia, na pia ni yule mtu mwenyewe.

Kwa jamii za bara la Lindi na Kilwa, wakiwamo Wamatumbi, Wangindo na Wamwera, kufa hakumwondoi mtu katika ukoo. Huhama tu daraja. Mzee aliyekufa huendelea kuulizwa, kuombwa na kulishwa kwa tambiko la unga au pombe chini ya mti au penye kaburi. Akipuuzwa hukasirika, na ukoo hupatwa na maradhi au ukame.

Mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, aliielezea fikra hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, akitumia maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kwa maelezo yake, marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo mtu hai aliyemfahamu na anayelikumbuka jina lake. Wa mwisho wa hao akifa, marehemu huzama katika Zamani, akawa mmoja wa mizimu isiyo na majina. Huku ndiko kutokufa kwenye kikomo, na kikomo chenyewe kinawekwa na kumbukumbu za watu.

Uislamu, uliotia mizizi Kilwa kwa karne nyingi kabla ya kuja kwa Wareno, unafundisha kwamba roho ni amri ya Mwenyezi Mungu na kwamba elimu ya binadamu juu yake ni ndogo. Kila nafsi itaonja mauti. Baada ya mazishi roho huingia katika barzakhi, maisha ya kati, ikisubiri siku ya kufufuliwa. Hakuna dawa wala mashine ya kuikwepa safari hiyo. Kinachowabakia walio hai ni kumwombea marehemu dua na kumtolea sadaka. Wengi pwani husoma hitima na kufanya arobaini, ingawa wapo wanazuoni wanaoupinga utaratibu huo wakisema haukuwako zama za Mtume.

Wakristo nao wanatofautiana na dhana ya maji kwa namna yao. Vita vya Majimaji viliwagusa moja kwa moja: misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa, na Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa njiani kuelekea bara. Imani yao haikuwaahidi kwamba mkuki hautawachoma. Iliwaahidi ufufuko wa mwili siku ya mwisho, ahadi inayopita katika kifo badala ya kukizunguka.

Wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Kilwa Kivinje na Lindi walileta jibu jingine. Kwa Wahindu, roho hurudi duniani katika mwili mpya, tena na tena. Lakini kurudi huko si zawadi. Lengo la mwumini ni kufunguliwa kutoka katika mzunguko huo. Kwao, mtu anayetaka kubaki katika mwili milele anaomba kifungo kisichokwisha.

Makaburi katikati ya mji

Majibu hayo hayako vitabuni tu. Katika kisiwa cha Songo Mnara, ambacho pamoja na Kilwa Kisiwani kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka 1981, wakazi wa karne za 14 na 15 hawakuwazika wafu wao nje ya mji. Makaburi yamo katikati, katika uwanja uliozungukwa na nyumba za mawe na misikiti. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta vijiwe vyeupe na sarafu karibu na makaburi hayo, dalili kwamba watu waliendelea kuyatembelea na kuacha kitu.

Mpangilio wa mji huo unaeleza jambo moja waziwazi: aliyetoka nyumbani kwenda kuswali alipita mbele ya wazee wake kila siku.

Kilwa Kisiwani kuna misikiti, makaburi ya masultani na makaburi ya masheikh. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika hapo akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa lakabu Abu al-Mawahib, yaani mtoaji wa zawadi, kwa ukarimu wake. Miaka karibu 700 imepita, kasri lake ni gofu, lakini lakabu ile ingali inatajwa. Bahari kwa upande wake haina heshima kwa jina la mtu: mmomonyoko wa ufukwe ulikuwa miongoni mwa sababu za magofu hayo kuwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, hadi yalipoondolewa humo mwaka 2014.

Barua kutoka Maka

Mwaka mmoja tu baada ya vita kwisha, pwani ya Lindi ilipata ahadi ya aina nyingine. Katikati ya mwaka 1908 zilisambaa barua zilizodaiwa kutoka Maka. Zilieleza kwamba Mtume ameonekana ndotoni, kwamba Kiyama kimekaribia, na kwamba Waislamu watubu kabla mlango wa toba haujafungwa. Misikiti ilijaa na watawala wa Kijerumani wakashikwa na hofu ya uasi mpya. Hofu hiyo haikutimia.

Tofauti na maji inastahili kuangaliwa. Maji yalisema mwili hautakufa leo. Barua ilisema utakufa karibuni, kwa hiyo itengeneze nafsi yako. Watu waliokwisha kuzika ndugu zao kwa maelfu hawakuwa tena wepesi wa kuuamini mwili. Tumaini lilihamia akhera.

Mashine badala ya maji

Riwaya za kisayansi, kwa maana ya hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya elimu na mitambo ambayo haijapatikana bado, zimelirudisha tumaini hilo duniani. Mary Shelley alifungua njia mwaka 1818 kwa riwaya ya Frankenstein, ambamo msomi anakipa uhai kiumbe alichokiunga kwa viungo vya maiti, kisha anakikimbia. Msiba wa hadithi hiyo hautokani na kiumbe kupata uhai. Unatokana na kukosa mlezi.

Mwaka 1984 William Gibson alitoa Neuromancer. Humo fundi mmoja wa kompyuta amekufa, lakini ujuzi na mazungumzo yake vimehifadhiwa katika chombo ili vitumiwe na wengine. Chombo kinafanya mzaha na kujibu maswali. Hata hivyo, ombi lake ni moja: kazi ikiisha, afutwe.

Katika Altered Carbon ya Richard Morgan, iliyotoka mwaka 2002, akili ya kila mtu huhifadhiwa katika kifaa kilicho shingoni, na tajiri hubadilisha miili kama mtu abadilishaye kanzu. Wakatoliki katika riwaya hiyo wanakataa kurudishwa, kwa imani kwamba roho imekwisha kwenda kwa Muumba. Mwandishi anaonyesha pia jambo ambalo wasomaji wa mijini wanalijua vyema: kutokufa kukiuzwa, maskini hatakuwa na fedha za kukinunua.

Mambo hayo si ya vitabuni pekee. Mwili wa James Bedford, Mmarekani aliyekuwa mhadhiri wa saikolojia, uligandishwa Januari 1967 kwa matumaini kwamba siku moja sayansi itamwamsha, na umehifadhiwa Arizona hadi leo. Mwaka 2020 televisheni moja ya Korea Kusini ilionyesha mama akivaa miwani maalumu na kuzungumza na sura ya bintiye aliyefariki, iliyotengenezwa kwa kompyuta. Siku hizi zipo programu zinazojifunza ujumbe wa marehemu na kujibu kwa mtindo wake.

Fasihi ya Kiswahili haiko nyuma katika mjadala huu. Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpeleka mhusika wake angani kwa chombo kilichokusudiwa kumwua, akamfikisha katika dunia nyingine. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani ya mwaka 1999, alivipeleka vita vya imani na ukanaji Mungu hadi ng'ambo ya kaburi. Naye Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimrudisha mzee aliyekufa ili amhoji mjukuu aliyelewa mali na madaraka. Kwa waandishi wetu, mfu anaporudi huja kudai haki. Hakuja kustarehe.

Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini, alilirudia suala la maji katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Mwishoni watesi wanamtaka shujaa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Yeye mwenyewe ana shaka na dawa, lakini anajua kwamba neno lililowaunganisha watu limekuwa kubwa kuliko yeye, na kwamba akilikana atawanyang'anya watoto wa kesho. Mwili unanyongwa na neno linabaki.

Mafuvu yasiyo na majina

Hapa ndipo suala la roho linapoacha kuwa la wanafalsafa. Zama za ukoloni wa Kijerumani, mafuvu ya Waafrika yalisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya kwa ajili ya uchunguzi wa kibaguzi uliojiita sayansi. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, mjini Berlin, ilichunguza mafuvu takriban 1,100 kutoka Afrika Mashariki na kutangaza matokeo mwaka 2023. Zaidi ya 200 yalionekana kutoka eneo ambalo sasa ni Tanzania. Kwa machache, ulinganisho wa vinasaba uliwapata jamaa walio hai hapa nchini.

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea. Aliwaomba radhi Watanzania kwa yaliyotendwa katika Vita vya Majimaji na kukutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye fuvu lake linatafutwa na ukoo wake. Historia inao mfano wa kurejea: fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, lililotajwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lilirudishwa mwaka 1954.

Tafakari hali ya mafuvu hayo. Yamehifadhiwa vizuri, yamepewa namba, hayakuoza. Kwa kipimo cha anayetaka kuukinga mwili na mauti, yamefanikiwa. Lakini kwa kipimo cha mila za kusini, na kwa kipimo cha msikiti na kanisa, hayo ndiyo mauti mabaya kuliko yote: mtu hana kaburi, hana wa kumwombea, hana jina. Ni yule fundi wa Gibson aliyewekwa kwenye chombo, isipokuwa hakupewa hata sauti ya kuomba afutwe.

Kilwa Kivinje kuna mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani waliwanyonga wapinzani wao, akiwamo Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Makunganya hakuishi milele. Lakini mahali alipofia panajulikana, na jina lake hufundishwa. Huko Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini aliwatungia utenzi waliokufa katika Majimaji ili habari zao zisipotee. Hiyo ndiyo teknolojia ya kutokufa ambayo pwani hii imekuwa nayo siku zote: kaburi, dua, jina na utenzi.

Huenda siku moja kompyuta itaweza kuiga sauti ya baba aliyefariki hadi watoto washindwe kutofautisha. Riwaya zinatuonya kwamba chombo peke yake hakitoshi, na historia ya Ngarambe inatuonya tusimwamini haraka anayetuahidi kwamba hatutakufa. Kazi iliyo mbele yetu ni nyepesi kuieleza kuliko kuitenda. Mzee aliyekumbuka majina ya waliokufa njaa Matumbi ahojiwe na yaandikwe. Makaburi ya Kilwa yakingwe na bahari. Na mafuvu yaliyoko Berlin yarudi yazikwe na watu wanaojua yaliitwa nani.